Kombe Lililokataa Kwisha

Kwa miaka kumi na minne Trevor Ludgrove aliendesha pikipiki ya mbio za mviringo, ambayo kwa kanuni haina breki, na hakuwahi kuumia kiasi cha kulazwa. Siku aliyokutana na breki ndiyo aliyovunjika.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa mbili na nusu asubuhi, na fainali ya Kombe la Mtoano ilikuwa ianze saa nane mchana. Binti yake alikuwa ametimiza miaka saba, ameletewa baiskeli nyekundu yenye kengele, na baba mtu akaona ni busara aijaribu yeye kwanza, kwa usalama wa mtoto. Akateremka nayo kilima cha mtaa wao. Chini kule akakatiza paka. Mtu mwingine yeyote angeibana breki kidogo kidogo. Trevor, ambaye mikono yake haikuwahi kufundishwa kazi hiyo, alizibana zote mbili kwa nguvu aliyozoea kubania klachi. Baiskeli ikasimama. Yeye hakusimama. Paka hakudhurika.

Beryl Sallabank alipata habari hizo akiwa juu ya trekta, upande wa pili wa uwanja, akivuta reki nzito ya chuma. Alimwona Clive Pargeter, mwenye timu, akija mbio kwenye nyasi za katikati amevaa koti la manyoya ya ngamia, akipunga mikono kama mtu anayefukuza ndege shambani. Beryl hakuzima injini. Katika miaka ishirini na miwili ya kuitunza njia ile ya Gunnerholme alikuwa amejifunza kwamba habari ya Clive ikisubiri dakika moja huwa haiharibiki, na pengine hupungua.

“Trevor kavunja mtulinga!”

“Wapi?”

“Nyumbani kwake! Juu ya baiskeli ya mtoto!”

Beryl akazima injini. Akamtazama Clive, kisha akaitazama njia, mviringo wote wa kokoto nyekundu zilizosagwa, na akahisi kitu kikimpanda. Wengine wangekiita hasira. Kwake kilikuwa kikongwe kuliko hasira, kilikuwa karibu jamaa wa familia.

Kisa chenyewe ni hiki. Trevor, nahodha wa Mbweha wa Gunnerholme, alikuwa mzito wa kuondoka. Utepe wa kuanzia mbio ukiruka, wenzake watatu walikuwa wameshafika kwenye kona yeye bado anatafakari. Ila alijua kuwapita watu kwa nje, karibu na ubao wa uzio, mahali ambapo kokoto zikiwa nyingi tairi la nyuma hupata pa kung’ata. Kwa hiyo msimu mzima amri ilikuwa moja: Beryl, vuta kokoto zote nje. Beryl akavuta. Kwa ndani njia ilikuwa imebaki ngumu, imeng’aa kama sakafu ya kanisa. Kwa nje ilikuwa shamba. Haikuwa njia ya pikipiki tena. Ilikuwa suti iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja, na mtu huyo sasa alikuwa hospitalini amefungwa mkono, akieleza habari za paka.

Naye hakuwa wa kwanza kushonewa. Kabla yake alikuwapo nahodha aliyetaka njia ngumu kabisa, na kabla ya huyo mwingine aliyetaka kona ya tatu iwe na maji na ya nne iwe kavu, kwa sababu za imani. Mwamba ngoma huvutia kwake, hilo Beryl alilijua, lakini pale Gunnerholme aliyekuwa akiivuta ngozi ni yeye na waliocheza ni wengine. Timu iliposhinda, walisifiwa waendeshaji. Iliposhindwa, iliposhindwa tu, wanaume wa mjini walitikisa vichwa kwenye foleni ya viazi vya kukaanga na kusema, “Njia leo ilikuwa mbaya.” Na kushindwa kulikuwa ndiyo mila ya Gunnerholme. Katika ligi daraja la pili kuna timu zinazopanda na timu zinazoshuka, na kulikuwa na Mbweha, ambao walikaa tu.

Hata kombe lenyewe mwaka huo lilikuwa limekataa kwisha. Mtoano maana yake mmoja anatoka; hilo ndilo jina lake, na mtu angetarajia liheshimiwe. Raundi ya kwanza ilichezwa Aprili. Nusu fainali, ukijumlisha nyumbani na ugenini, ilitoka sabini na nane kwa sabini na nane, na kanuni ikasema michezo yote miwili irudiwe, ikarudiwa. Fainali ya kwanza ilichezwa ugenini Pellbury mwezi wa Septemba, na Vimondo wa Pellbury wakashinda arobaini na tatu kwa thelathini na tano. Marudiano ya nyumbani yakaahirishwa kwa mvua mara tano. Katika hizo tano, mara tatu mvua ilishuka dakika ishirini baada ya Beryl kumaliza kumwagilia njia kwa boza, kwa sababu njia kavu hutoa vumbi na mwamuzi hataki vumbi. Mara ya nne aliamua hamwagilii, mvua ije yenyewe. Haikuja mpaka watu wamekwisha kukata tiketi.

Sasa ilikuwa leo au basi. Jumatano msimu ungefungwa kwa sheria, na Jumatatu na Jumanne uwanja ulikuwa wa mbwa wa mashindano, ambao wana mkataba bora zaidi kuliko binadamu.

“Nimepata wa kuazima,” Clive alisema, akihema. Kanuni iliruhusu: nahodha akiumia, unaazima mwendeshaji wa timu nyingine kwa siku hiyo moja. “Denny Quaife. Yuko njiani.”

“Quaife.”

“Unamjua.”

Beryl alimjua. Kila alipokuja Gunnerholme na timu yake, Denny Quaife alishuka garini, akapiga teke kokoto mara moja, na kuuliza kwa sauti ya kusikika jukwaani, “Shangazi, mwaka huu mmepanda viazi gani?” Huyu ndiye mwepesi kuliko wote kuondoka kwenye utepe, na akishaondoka alitaka njia ngumu, laini, isiyo na punje, ili wa nyuma yake asipate pa kushika.

“Kwa hiyo,” Clive akasema, na Beryl akalijua neno linalokuja kabla halijafika, “ikwangue yote. Iwe kama meza. Unazo saa tano.”

“Na hao wengine sita? Wamejifunza kupita nje tangu Machi.”

“Hao wengine sita hawashindi makombe, Beryl.”

“Hata Quaife hajawahi.”

Clive alikuwa muuza mazulia kwa siku za kazi, na alikuwa na ile sauti ya upole ambayo wauza mazulia huitoa wanapokuonyesha kwamba bei si ya kujadiliwa. “Nisikilize, mama. Miaka ishirini na miwili nasikia njia, njia, njia. Leo nataka kombe. Tukilikosa kwa ajili ya njia yako, Machi msimu ukifunguliwa usijisumbue kuja. Nitamleta kijana wa kule viwanja vya farasi, ana mashine mpya.”

Akaondoka. Beryl akabaki juu ya trekta, ambayo ilikuwa ya baba yake kabla haijawa yake, kama ilivyokuwa njia. Siku za kazi yeye alipanga makopo ya njegere kiwandani, na hakuna hata mara moja aliyoulizwa kiwandani njegere zinaendeleaje. Hapa aliulizwa na kila mtu. Alifungua chupa ya chai, akanywa kifuniko kimoja, akala nusu ya mkate wa jibini, na hapo akaja Nigel Brumby.

Nigel alikuwa tarishi, kijana wa miaka ishirini na tano mwenye shingo ndefu, na baada ya Trevor yeye ndiye aliyekuwa tegemeo la timu, jambo lililowasikitisha wengi. Alikuja bado amevaa suruali ya posta.

“Shangazi, usiiguse! Nakuomba. Bosi kaniambia unaikwangua. Mimi ndani siwezi. Nikiingia ndani nateleza kama sabuni. Niachie kule nje.”

“Bosi anataka iwe meza.”

“Bosi anaendesha nini? Anaendesha gari la mazulia!”

“Nigel, nenda kavae suruali ya mbio.”

“Basi angalau kona ya pili. Kona ya pili tu, shangazi.”

“Nenda.”

Alipoondoka, simu ya kibandani ikalia. Ilikuwa hospitali, yaani ilikuwa Trevor, ambaye aliomba kwa sauti ya mtu aliyepewa dawa kali kwamba njia ibaki vilevile, kwa heshima yake.

Beryl aliweka simu chini kwa adabu, akatoka nje, akasimama kwenye mstari wa kuanzia. Mawingu yalikuwa juu kabisa, meupe, hayana nia. Bila shaka. Leo ambapo mvua ingeweza kumwokoa, mbingu ilikuwa imeamua kuwa ya Italia, bila tone. Na hapo, kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, akapatwa na wazo lililomkera kwa jinsi lilivyokuwa rahisi. Aliyeshonewa suti hayupo. Aliyeazimwa hajulikani kama kesho atamkumbuka mtu. Nigel anataka kona moja. Hakuna tena wa kumpimia. Kwa hiyo njia leo haikuwa ya mtu, na njia isiyo ya mtu ndiyo aliyokuwa akiitengeneza baba yake, zamani, kabla haijawa mtindo kuajiri manahodha wenye matatizo.

Akawasha trekta.

Alizirudisha kokoto ndani, si zote, ila theluthi kwa theluthi: nje akaziacha nene, katikati akazitandaza kiasi, ndani akaacha unyevu wa kushika tairi bila kulinasa. Akamwaga maji kidogo, akangoja, akavuta reki, akamwaga tena. Kazi hiyo haitaki nguvu. Inataka mtu asiyeitwa kila dakika, na Beryl aliitwa mara tisa. Mara zote aliweka mkono sikioni na kuonyesha injini, kwamba hasikii.

Saa saba Denny Quaife akafika. Akashuka garini, akapiga teke kokoto, akafungua mdomo, kisha akaufunga. Akatembea mpaka kwenye ubao, akapiga teke tena. Akarudi mpaka ndani.

“Shangazi, hii ni ya nani?”

“Ya Halmashauri.”

“Nauliza umemtengenezea nani. Bosi wako kaniahidi meza kwenye simu.”

“Bosi wangu anauza mazulia. Usiamini anachokuahidi kuhusu sakafu.”

Nyuma yake wakaja Vimondo wenyewe kuikagua njia, kama ilivyo desturi ya wageni: wanatembea polepole mikono mfukoni, kila hatua kumi mmoja anachimba kwa kisigino, anatazama shimo, anatikisa kichwa. Kisigino hicho hakijawahi kuikuta njia nzuri tangu mchezo uvumbuliwe. Kiongozi wao, Gordon Tasker, mtu mfupi wa kofia bapa, alichimba visigino sita na hakutikisa kichwa hata mara moja. Alionekana kusumbuka.

“Beryl, umefanya nini hapa?”

“Nimeisawazisha.”

“Kwa nini?”

Kilichomkera Beryl kuliko yote ni kwamba jambo hilo lilihitaji kuulizwa.

Clive alikuja mwisho, dakika arobaini kabla ya kuanza, akaikuta njia ilivyo, na uso wake ukapita rangi kadhaa za mazulia. Kukwangua tena hakukuwa na muda. “Machi,” alisema tu, akiinua kidole. “Kumbuka Machi.”

Mbio zilikuwa kumi na tatu, kila moja watu wanne, wawili kwa wawili, mizunguko minne, na pointi tatu, mbili, moja, na patupu kwa wa mwisho. Kila mtu jukwaani alikuwa na karatasi na kalamu, akijaza matokeo kwa mkono wake ingawa yalitangazwa kwenye kipaza sauti. Watu wa Gunnerholme hawaamini jambo mpaka wameliandika wenyewe. Hesabu ilikuwa wazi kwa wote. Mbweha walidaiwa pointi nane. Kulichukua kombe kulihitaji kushinda kwa kumi.

Beryl alitazama kutoka mlango wa kibanda cha trekta, kati ya mbio moja na nyingine akitoka kuziba mashimo. Alisikia wanaume wawili kwenye kizuizi, wazee wa foleni ya viazi, wakibishana bila kumwona.

“Wanapitana sana leo.”

“Njia mbaya. Angalia, mtu anaongoza halafu anapitwa. Huko ndani wanapitana, huko nje wanapitana.”

“Zamani ukiongoza unaongoza.”

“Ndiyo nasema. Njia mbaya.”

Na walipitana kweli. Waendeshaji wa pande zote mbili walizunguka na sura za watu walioingia nyumbani kwao wakakuta fanicha imehamishwa. Quaife alishinda mbio zake mbili za kwanza kwa kuondoka haraka, ya tatu akapitwa kwa nje na mvulana wa Pellbury ambaye hata mama yake hakumtegemea, akarudi akitema kokoto. “Viazi,” alimwambia Beryl alipopita mlangoni. “Nilijua.”

Baada ya mbio kumi na mbili ilikuwa Mbweha thelathini na tisa, Vimondo thelathini na tatu. Imebaki moja. Wazee wakapiga kalamu kwenye karatasi. Mbweha wakichukua nafasi ya kwanza na ya pili, tano kwa moja, kombe ni lao kwa pointi mbili. Wakichukua nne kwa mbili, jumla ya michezo miwili ni sabini na nane kwa sabini na nane.

“Sare!” alisema mzee mmoja, akifurahi. “Kanuni si inasema warudie yote mawili?”

“Siku hakuna. Itakuwa Machi.”

Beryl aliusikia mwezi huo na akashika fremu ya mlango. Kushindwa alikuwa amekuzoea. Kungemtoa kazini, lakini kungekwisha. Sare ingelibeba kombe hili hili, lenye umri wa miezi saba, mpaka mwaka mwingine, na kulikabidhi kwa kijana wa viwanja vya farasi mwenye mashine mpya. Hapana. Chochote, ila si nne kwa mbili.

Wakajipanga kwenye utepe: Quaife na Nigel kwa Mbweha; kwa Vimondo nahodha wao Rex Hallowell, na mwenzake. Utepe ukaruka. Hallowell akatoka wa kwanza, Nigel wa pili, Quaife, mwepesi kuliko wote, wa tatu, kwa sababu mara hii alikuwa amefikiri.

Mzunguko wa kwanza, hivyo hivyo. Ndani, mahali ambapo Quaife alipapenda maisha yake yote, alikuwapo Nigel, aliyeapa kwamba ndani hawezi, amenata kama stempu. Quaife alijaribu kumbana, hakupata nafasi. Mzunguko wa pili akakosa la kufanya, akaelekea kule nje kwenye viazi. Tairi likang’ata. Beryl aliliona likiing’ata njia yake, akaona mgongo wa mtu yule ukishtuka kwa nguvu aliyopewa bure. Akampita Nigel, na mwanzo wa mzunguko wa tatu, ubao ukiwa umbali wa kiganja kutoka kwenye bega lake, akampita Hallowell.

Uwanja mzima ukasimama. Quaife wa kwanza, Hallowell wa pili, Nigel wa tatu.

Nne kwa mbili.

“Lahaula!” Beryl alisema, au neno la Gunnerholme linalofanana na hilo.

Mzunguko wa mwisho Hallowell akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Alikuwa amepitwa kwa nje. Basi nje ndiko kwenye nguvu. Kona ya mwisho akaihama ndani, akapanda kuelekea kwenye ubao amfuate Quaife. Na kule chini alikokuacha, kwenye theluthi ya ndani iliyomwagiwa maji kidogo, ikavutwa reki, ikamwagiwa tena, akapita Nigel Brumby, macho yamefumbwa, alivyokiri baadaye, akijisemea atateleza, atateleza, na hakuteleza. Alivuka mstari mbele ya Hallowell kwa urefu wa gurudumu.

Tano kwa moja. Arobaini na nne kwa thelathini na nne. Sabini na tisa kwa sabini na saba. Jukwaani wote waliinama kwanza kuandika, na baada ya kuandika ndipo wakashangilia.

Clive akashika kipaza sauti. Aliwashukuru waendeshaji, wadhamini, gari la wagonjwa, mama wa viazi, na Trevor, ambaye roho yake, alisema, ilikuwa nasi. Kisha akaeleza kwamba asubuhi ile yeye binafsi alitoa maagizo maalumu kuhusu njia. Beryl akafunga mlango wa kibanda.

Ukagongwa. Alikuwa mwamuzi, na karatasi mkononi, kwa sababu mgeni akiilalamikia njia kwa maandishi, mtunzaji lazima atie sahihi kwamba ameona. Chini palikuwa na jina la Gordon Tasker. Beryl akavaa miwani. Lalamiko lilikuwa la sentensi mbili: *Njia haikupendelea upande wowote. Waendeshaji wangu hawakuweza kujua pa kuzuia, kwa kuwa iliwezekana kupitwa popote.*

Akaisoma mara ya pili, polepole.

“Nitupe?” mwamuzi akauliza. “Si kosa la kikanuni, hili.”

“Usitupe. Naomba nakala. Na sahihi yake ionekane vizuri.”

Quaife alipita akiwa na begi lake, akachungulia. Alikuwa na kokoto kwenye meno. “Shangazi,” alisema, “viazi vimeiva.” Hakungoja jibu, ambalo ni jambo la kwanza la adabu alilowahi kufanya pale.

Clive alikuja mwishowe na kombe chini ya kwapa kama mkate, amelewa furaha. “Haya, haya, Beryl. Tusahau ya asubuhi. Machi, eh? Trevor atakuwa amepona. Amepiga simu sasa hivi. Anasema kokoto zote nje, kama kawaida.”

“Mwambie Trevor aiuze ile baiskeli.”

“Atauza, atauza. Na kokoto?”

“Kokoto zitakaa nitakapoziweka. Ukitaka meza, wewe ndiye muuza sakafu.” Akaikunja nakala ya Tasker mara nne, akaitia mfuko wa ndani. “Ukitaka kijana wa farasi, mpigie leo. Trekta ni yangu.”

Clive alitazama kombe, akatazama trekta, na ilionekana wazi kwamba hakuwa amewahi kuuliza trekta ni ya nani. “Machi, basi,” alisema.

Nje, Nigel na wenzake walikuwa wamefungua chupa kubwa ya mvinyo wa povu na kuitikisa, wakimwagiana na kukimbizana. Wakaimalizia kona ya pili, wakafungua nyingine, wakaimwaga papo hapo. Beryl alisimama mlangoni akitazama doa likipanuka kwenye kokoto, kwa ndani, pale pale ambapo asubuhi alikuwa amemwaga lita sita tu na kungoja nusu saa.

“Kona ya pili!” alipiga kelele. “Nigel! Si ndiyo uliyoniomba nisiiguse?”

Hawakusikia. Akapanda trekta, akaiwasha, akaenda kuirekebisha kona.